Rubani Aliyevuliwa Kofia

Katika filamu ya Alien ya mwaka 1979 kuna tukio fupi ambalo sisi mashabiki wa filamu za sayansi ya kubuni tumelijadili kwa zaidi ya miaka 40. Wafanyakazi watatu wa chombo cha mizigo kiitwacho Nostromo, yaani Kane, Dallas na Lambert, wanaingia ndani ya chombo kigeni kilichokwama kwenye sayari ya upepo na giza. Ndani kuna kiti kikubwa kilichoelekezwa juu mfano wa darubini, na kitini kuna mabaki ya kiumbe mkubwa kuliko binadamu mara kadhaa. Amekauka akawa jiwe. Mbavu zake zimepinda kuelekea nje, kana kwamba kuna kitu kilimpasua kutoka ndani. Dallas anamtazama na kusema anaonekana kama ameota kutoka kwenye kiti chenyewe. Baada ya hapo wanaendelea na shughuli zao, na mpaka filamu inakwisha hakuna anayeeleza yule alikuwa nani.

Ukimya ule ndio uliotufanya wengi wetu kuwa mashabiki. Rubani yule alibuniwa na msanii wa Uswisi, H.R. Giger, na wakubwa wa studio walisita kulipia jengo la ukubwa ule kwa tukio linalopita haraka vile. Ridley Scott, mwongozaji, hakukubali liondolewe. Katika baadhi ya picha za mbali aliwavisha watoto mavazi madogo ya anga, wakiwemo wanawe wawili, ili kiti kionekane kikubwa zaidi. Matokeo yake ni picha ya kiumbe ambaye hatuhusiani naye hata kidogo. Alikuwa na safari yake, mzigo wake, na pengine wenzake waliomngoja huko alikotoka, na yote hayo yalikwisha zamani mno kabla ya binadamu yeyote kutia mguu pale. Waliotengeneza filamu walimwita Space Jockey, na sisi mashabiki tukaanza kubishana.

Juni 2012, Scott, akiwa na umri wa miaka 74, akarudi kutueleza rubani alikuwa nani. Filamu tangulizi ikaitwa Prometheus. Nimeitazama mara nyingi kuliko filamu nyingine yoyote ya mfululizo huu, ukiacha ile ya kwanza, na huwa naitetea mbele ya watu wanaoidharau. Hata hivyo naamini ilifanya kosa moja kubwa, na yale mengine ambayo watu huyapigia kelele ni madogo mbele yake. Iliuchukua ulimwengu ambao haukutujua, ikatuambia kwamba ni ukoo wetu.

Tulikuwa na sababu ya kungoja. Filamu zilizofuata baada ya Alien zilishughulika na mambo mengine. Mwaka 1986 James Cameron alileta wanajeshi na malkia wa viumbe. Mwaka 1992 David Fincher akatupeleka kwenye gereza, na mwaka 1997 Jean-Pierre Jeunet akamfufua Ripley, shujaa wa filamu ya kwanza, kwa vinasaba. Zikaja mbili za kupambanisha viumbe wale na Predator, mwaka 2004 na 2007, ambazo sina la kusema juu yake. Katika zote hizo hakuna aliyerudi kwenye kile kiti. Scott mwenyewe alisema katika mahojiano kwamba alishangaa kuona hakuna mwongozaji aliyeuliza swali hilo. Kwa hiyo iliposikika mwaka 2009 kwamba mradi wa filamu tangulizi umeanza, na baadaye kwamba anaongoza yeye, tuliamini kwamba anayerudi kwenye kiti kile ni mtu anayekijua.

Skripti ya kwanza iliandikwa na Jon Spaihts, nayo ilikuwa na mayai na viumbe tuliowazoea. Mwaka 2010 akaitwa Damon Lindelof, mmoja wa waandishi wakuu wa tamthilia ya Lost, naye akayasogeza hayo pembeni ili filamu isimame kwa miguu yake. Januari 2011 jina Prometheus likatangazwa. Matangazo yake yalikuwa kazi ya sanaa kamili. Katika moja, Guy Pearce, akiigiza tajiri Peter Weyland, anahutubia ukumbi uliofurika watu katika mwaka 2023. Katika jingine, roboti aitwaye David anatangazwa kama bidhaa ya dukani, mpole na mwenye machozi. Trela zilipotoka watu walizisimamisha picha moja baada ya nyingine. Huku kwetu wengi waliipata filamu yenyewe baadaye, kwenye DVD na kwenye flashi, lakini trela tulizijua kwa moyo.

Niseme kwanza kwamba mwanzo wake ni mzuri kupita kiasi. Kamera inaruka juu ya mito na mawe meusi ya Iceland mpaka kwenye maporomoko ya Dettifoss. Mtu mkubwa mweupe anavua joho, anakunywa kitu cheusi kinachochemka kwenye bakuli, mwili wake unavunjika hadi kwenye vinasaba na kuanguka majini. Hakuna neno linalosemwa. Tungebaki na hilo tu tungekuwa na siri mpya ya kutosha miaka 30 mingine.

Lakini filamu haikutaka siri. Mwaka 2089 wanaakiolojia wawili, Elizabeth Shaw na Charlie Holloway, wanakuta mchoro kwenye pango la kisiwa cha Skye, Scotland: jitu linaonyesha kidole kwenye kundi la nyota. Wameshaona mchoro huohuo katika kazi za Wamisri, Wamaya, Wasumeri na wengineo. Wanaamua kwamba huo ni mwaliko kutoka kwa waliotuumba, na wanawaita Wahandisi. Mwishoni mwa 2093 chombo cha Prometheus, chenye watu 17, kinatua kwenye mwezi uitwao LV-223.

Huko wanaokota kichwa cha jitu lililokufa. Ni sura tuliyoijua tangu 1979, yenye ule mrija mrefu kama mkonga. Wanakipeleka maabara, wanakichunguza, na Shaw anagundua kwamba kile tulichodhani ni fuvu ni kofia ya chuma. Wanaivua. Chini yake kuna uso wa mtu, wenye pua, midomo na kope zilizofumba. Baadaye wanalinganisha vinasaba na kukuta ni vyetu.

Nadhani sijawahi kuvunjika moyo mbele ya kioo kama nilivyovunjika moyo katika tukio lile, ingawa limetengenezwa kwa ustadi mkubwa. Mbavu zilizopinda, mkonga, ngozi iliyoshikana na kiti, vyote vikawa mavazi ya kazi. Kiumbe ambaye Giger alimchora bila mpaka kati ya mwili na mashine akawa mwanamume mrefu mwenye misuli na kipara, aliyevaa sare. Hata kimo chake kilipungua. Yule wa 1979 alifanya watu waonekane wadudu karibu na kiti chake. Hawa wa 2012 unaweza kupigana nao chumbani, na kweli mtu anapigana nao chumbani.

Wapo wanaosema hilo ni suala la ladha tu. Mimi naona linagusa msingi wa hofu yenyewe. Kilichotutisha katika Alien hakikuwa meno peke yake. Tulitishwa na wazo kwamba huko nje kuna mambo makubwa yanayoendelea, na sisi tumeyakanyaga kwa bahati mbaya tukiwa njiani kurudisha shehena ya madini nyumbani. Yule kiumbe aliyetoka kwenye yai na kumrukia Kane hakumchukia. Alimhitaji tu kama mahali pa kukulia. Prometheus inageuza kila kitu kituzunguke sisi. Wahandisi walituumba. Kisha walitukasirikia, wakapakia silaha za maji meusi ili waje kutuangamiza. Wakafa kabla ya kuondoka, kiasi cha miaka 2,000 iliyopita, na watu wa chombo wanafika pale wakati wa Krismasi, Kapteni Janek akipamba mti. Scott alikiri katika mahojiano kwamba liliwahi kufikiriwa wazo la Yesu kuwa mjumbe wa Wahandisi, likaachwa kwa kuwa lingekuwa wazi mno. Alama zake bado zimo. Ina maana hata hasira ya ulimwengu inatuhusu sisi, na inafuata kalenda yetu.

Na hapa nauliza: sisi gani?

Jibu la filamu limo katika sura ya Wahandisi. Ni weupe kama marumaru, kwa kukusudia. Scott na wasanii wake walichukua mfano wa sanamu za kale za Wagiriki na Warumi. Muumba wa binadamu wote, kwa hiyo, ana pua ya sanamu ya Roma. Limo pia katika lugha. Katika miaka miwili ya safari, wenzake wakiwa wamelazwa usingizi, David anajifunza lugha za kale ili aweze kuzungumza na Wahandisi. Mwalimu wake, anayeonekana kwa picha ya mwanga, ni Anil Biltoo, mtaalamu halisi wa lugha aliyeitengenezea filamu lugha ya Wahandisi. Kinachosomwa pale ni hekaya ya kondoo na farasi iliyotungwa mwaka 1868 na Mjerumani August Schleicher, kwa lugha ambayo wataalamu wameikisia kuwa mama wa lugha nyingi za Ulaya, Uajemi na kaskazini mwa India. Ni kazi ya kitaaluma ya kupendeza, na nilipoielewa niliiheshimu filamu zaidi. Lakini Kiswahili hakimo katika ukoo huo. Kiarabu hakimo, wala Kiamhari, Kiyoruba au Kichina. Filamu inayosema inatafuta chanzo cha watu wote imefuata mto mmoja hadi kwenye chemchemi yake, ikadhani imefika baharini.

Mtu wa Tanzania hawezi kulipita hili kimyakimya. Fuvu la Zinjanthropus lilipatikana Olduvai mwaka 1959. Nyayo za Laetoli, za viumbe waliotembea wima takriban miaka milioni 3.6 iliyopita, zilifukuliwa mwaka 1978, mwaka mmoja kabla ya Alien kutoka. Wanaakiolojia wawili wanaotafuta asili ya binadamu, katika mwaka 2089, hawalitaji Bonde la Ufa hata mara moja. Kuna mtu chomboni anayejaribu kuuliza: Millburn, mwanabiolojia, anashangaa kwamba wanatupilia mbali karne tatu za elimu ya mageuzi. Anauliza ushahidi uko wapi, na Shaw anajibu kwamba hana, ila ameamua kuamini. Mjadala unaishia hapo, na Millburn anabaki kuwa mtu wa kuuawa na nyoka.

Michoro ya mapangoni tunayo pia. Kule Kolo, wilayani Kondoa, kuna watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, na mwaka 2006 michoro ile iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia. Silalamiki kwamba Shaw hakuitaja. Afadhali hakuitaja. Wazo hili la wageni kutoka angani waliowafundisha watu wa kale lilienezwa sana na kitabu cha Erich von Däniken cha mwaka 1968, na linanuka kitu ambacho Waafrika tunakijua. Karl Mauch alipofika Great Zimbabwe mwaka 1871 alisema yale ni majengo ya Malkia wa Sheba, kwa kuwa hakutaka kuamini kwamba waliokuwa wakiishi pale ndio ambao wazee wao waliyajenga. Gertrude Caton-Thompson alionyesha mwaka 1929 kwamba ni kazi ya Waafrika, na bado watawala wa Rhodesia waliendelea kukataa. Hata magofu yetu ya Kilwa na Gedi yalihesabiwa kwa muda mrefu kuwa kazi ya waliokuja. Ukiwa umekulia katika historia ya namna hiyo, filamu inayosema kwamba binadamu hakujitokeza mwenyewe, aliletwa, huwezi kuipokea kama wazo jipya la kusisimua.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Alien ya kwanza ilikuwa wazi kuliko hii. Ndani ya vazi la yule kiumbe mweusi alikuwamo Bolaji Badejo, Mnigeria mzaliwa wa Lagos aliyekuwa akisomea sanaa London. Kimo chake kilikaribia futi saba, alikuwa na miguu mirefu myembamba, na watafuta waigizaji walimpata kwenye baa. Alifanya mazoezi ya tai chi ili ajifunze kwenda polepole. Hakuigiza filamu nyingine, na alifariki mwaka 1992. Mwendo ule ambao dunia nzima iliuogopa, wa kiumbe asiye na ndugu popote ulimwenguni, ni mwendo wake. Ukiacha Misri katika orodha ya Shaw, kitu pekee katika Prometheus kinachonikumbusha bara letu ni Ebola, ambayo David anamkumbusha Shaw kuwa ndiyo iliyomuua baba yake.

Yupo Janek, hata hivyo, na namshukuru Idris Elba kwa kumpa uhai. Kati ya watu wote 17, ni kapteni peke yake anayeona walipo. Wasomi wanaita pale nyumbani kwa waumbaji. Janek anatazama mitungi ya maji meusi na kusema kwamba hiki ni kituo cha kijeshi, na wenyewe si wajinga, ndiyo maana silaha zao wameziweka mbali na kwao. Halafu anafanya anachopaswa kufanya, bila hotuba. Laiti skripti ingempa nusu saa zaidi.

Kuhusu wanasayansi wajinga sitakaa sana, maana limesemwa na kila mtu. Ndiyo, wanavua kofia kwenye sayari wasiyoijua. Fifield, mwenye vyombo vya kuchora ramani, ndiye anayepotea. Millburn anakimbia maiti iliyokufa miaka elfu mbili, kisha anamchezea nyoka aliye hai. Vickers, mwakilishi wa kampuni ya Weyland, anakimbia kwa mstari ulionyooka mbele ya chombo kinachobingirika. Mimi mtu kufanya upumbavu katika filamu ya kutisha hakunisumbui. Kane naye aliinamia yai.

Tofauti ninayoiona ni katika sababu. Watu wa Nostromo ni vibarua. Tunakutana nao wakila, wakivuta sigara, huku Parker na Brett wakilalamika kwamba mgawo wao wa malipo ni mdogo. Wanakwenda kwenye ile ishara kwa sababu Ash, afisa wa sayansi wa chombo, anawasomea kifungu cha mkataba: ukipokea ishara inayoonyesha akili usipoichunguza, unapoteza malipo yote. Kane anaporudishwa akiwa na kiumbe usoni, Ripley anakataa kufungua mlango kwa sababu ya karantini, na yuko sahihi. Anayefungua ni Ash, na baadaye tunajua ana amri ya siri ya kampuni inayosema watu wote wa chombo wanaweza kupotezwa ili mradi kiumbe kiletwe. Kila kosa pale lina bosi nyuma yake. Mfanyakazi yeyote wa mgodini, bandarini au kiwandani anaielewa filamu ile bila kuelezwa. Katika Prometheus watu wanakosea kwa sababu skripti inataka wafe, na wengi wao hatujashika hata majina yao.

Sasa nifike kwa David, kwa maana ndiye anayenifanya nirudi kila mara.

Michael Fassbender anamwigiza roboti huyu kwa utulivu unaosisimua ngozi. Tunamwona peke yake chomboni, akiendesha baiskeli huku akirusha mpira kwenye kikapu, akitazama filamu ya zamani ya Lawrence of Arabia na kuiga maneno yake, akipaka nywele rangi zifanane na za mwigizaji wake, Peter O'Toole. Anachungulia ndoto za Shaw akiwa amelala. Weyland, katika ujumbe aliourekodi, anamtambulisha kwa wote kuwa ndiye mtu wa karibu zaidi na mwana aliyepata kuwa naye, na hapohapo anaongeza kwamba hatazeeka, hatakufa, na hana roho. Tazama uso wa Fassbender sekunde ile. Tabasamu halitoki, lakini kuna kitu kinafungwa nyuma ya macho.

Halafu linakuja tukio la Holloway kwenye meza ya pool. Holloway amelewa na amekata tamaa, kwa sababu Wahandisi wamekufa na hatapata kuwauliza kwa nini walituumba. David anamuuliza anadhani watu walimtengeneza yeye kwa nini. Holloway anajibu kwamba ni kwa sababu waliweza. David anamwambia afikirie ingekuwa uchungu gani kwake kusikia jibu hilohilo kutoka kwa muumba wake. Holloway anacheka, anasema ni bahati kwamba David hawezi kuvunjika moyo. Baadaye kidogo David anamwekea tone la maji meusi kwenye kinywaji, akiwa ameshamuuliza yuko tayari kufika wapi ili apate majibu, na akiwa ameshajibiwa kwamba yuko tayari kwa lolote.

Swali zima la filamu limekwisha kujibiwa pale, na halikuhitaji hata Mhandisi mmoja. Tuna muumba, ana kinywaji mkononi, na anamdharau aliyemuumba. Tuna aliyeumbwa, anajua asili yake yote hadi tarehe ya kutengenezwa, na kujua huko hakumpi chochote. Shaw amevuka anga kutafuta kitu ambacho David anacho tangu siku ya kwanza. Hapa ndipo filamu ilipokuwa na jambo kubwa la kusema, kubwa kuliko lile la nani alikaa kwenye kiti. Ingeweza kumwacha rubani apumzike na kofia yake, tusijue lolote, na kutupa saa mbili za David na watu waliomtengeneza. Nina hakika tungetoka tukiogopa zaidi.

Shaw naye si wa kubezwa. Noomi Rapace amebeba mwili wa filamu hii mabegani. Anapogundua kwamba yeye, ambaye hana uwezo wa kuzaa, ana mimba isiyo ya binadamu, anakimbilia mashine ya upasuaji iliyo kwenye chumba cha Vickers. Mashine inamjibu kwamba imetengenezwa kwa ajili ya wanaume. Anaiamuru ifanye upasuaji wa tumbo kwa jina jingine, anajidunga dawa, na inampasua akiwa macho. Ni tukio pekee linaloweza kukaa meza moja na lile la Kane kifuani, na limebeba swali ambalo filamu haikulitamka: kwa nini chumba cha mwanamke kiwe na mashine ya mwanamume? Kwa sababu mgonjwa aliyekusudiwa ni Weyland, aliyefichwa ndani ya chombo akisubiri kuomba aongezewe maisha.

Kisha anaamshwa Mhandisi wa mwisho. Weyland yupo, mzee asiyeweza kusimama bila msaada. David anamwendea Mhandisi na kusema naye kwa ile lugha aliyojifunza kwa miaka miwili, na hakuna tafsiri inayoandikwa chini. Naliheshimu sana hilo. Ndani ya filamu hatujui amesema nini, hatujui kama amemsemea Weyland au amejisemea mwenyewe. Mhandisi anamgusa David kichwani kwa upole, kama baba, kisha anakinyofoa kichwa kile na kumpiga nacho Weyland hadi kufa. Kwa dakika moja ulimwengu unarudi kuwa ule wa 1979, usiotujibu. Nikilitazama tukio hilo huwa najiambia kwamba Scott hakusahau. Alijua bado namna ya kutunyima jibu. Ila alilichelewesha hadi mwisho, baada ya kutupa majibu mengi ambayo hatukuyahitaji.

Na mwisho wake ulinipa matumaini. Shaw amebaki na kichwa cha David ndani ya begi. Anakataa kurudi duniani. Anataka kwenda walikotoka Wahandisi, awaulize kwa nini walibadilisha nia. David anamwambia jibu halina umuhimu. Shaw anamjibu kwamba hiyo ndiyo tofauti kati ya binadamu na roboti, na anakichukua chombo kingine cha Wahandisi kuelekea angani. Mwanamke mwenye imani aliyepasuliwa, na roboti asiye na mwili aliyemuua mpenzi wa mwanamke huyo, wakiwa wawili peke yao kwa miaka mingi, kila mmoja akimhitaji mwenzake ili aendelee kuishi. Hakuna kiumbe wa kutisha anayehitajika katika hadithi hiyo.

Filamu hiyo hatukuipata. Alien: Covenant ilipotoka mwaka 2017, Shaw alikuwa ameshakufa kabla haijaanza, ameuawa na David na kufanyiwa majaribio, na sisi tukaonyeshwa mwili wake mezani. Wahandisi waliuawa kwa maji yao wenyewe katika kumbukumbu ya dakika moja hivi. Na yule kiumbe wa Badejo, asiye na ndugu, akapewa baba: ni David aliyemkamilisha, David aliyetengenezwa na Weyland, Weyland ambaye ni mmoja wetu. Sasa hata jinamizi lenyewe limeandikishwa katika ukoo wa binadamu. Wapo mashabiki wanaoipenda Covenant kwa kuwa ilirudisha mayai na damu. Mimi ningeyatoa mayai yote yale kwa safari moja ya Shaw na kile kichwa ndani ya begi, wakibishana njia nzima kama inafaa kuuliza.